Mkaratusi kwenye ngozi: maswali yenu wiki hii

Tangu mvua zianze, nusu ya maswali ninayopata ni ya kichupa kimoja: mafuta ya mkaratusi. Nayajibu haya, mengine yatasubiri.

Nimenunua kichupa sokoni. Nijipake hivyo hivyo nikitoka kuoga? (Chikongola, Mtwara)

Hapana. Mafuta haya hutolewa kwenye majani kwa mvuke, na sehemu kubwa yake ni sineoli, ile inayokupanda puani ukifungua kizibo. Yakipakwa matupu huchoma. Changanya matone 6 kwenye kijiko kimoja kikubwa (mililita 15) cha mafuta ya nazi au ya ufuta. Mimi napendelea ufuta, ni mwepesi, na huku kwetu hautafutwi mbali. Kabla ya yote, paka kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, usubiri siku mbili. Pakiwasha au kuwa pekundu, osha kwa sabuni, na usiyaguse tena.

Nabangua korosho, mikono imebabuka kwa mafuta ya maganda. Shangazi anasema nipake mkaratusi, unakausha. (Newala)

Shangazi nampa shikamoo, ila kwa hili simfuati. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi inayobabua ngozi, na wengine huwaletea mzio unaorudi kila msimu. Ngozi iliyochubuka ukiipaka mkaratusi unaongeza kidonda juu ya kidonda. Siku nyingine yakikurukia, futa papo hapo kwa kitambaa chenye mafuta ya kula, halafu ndipo uoshe kwa sabuni na maji mengi. Malengelenge usiyapasue; paka mafuta ya mgando, funika kwa kitambaa safi. Yakiwa makubwa, yakitoa usaha, au kama uso umevimba, nenda zahanati. Yakiingia jichoni, mwagia maji safi mfululizo huku ukitafuta usafiri.

Glavu najua mnazivua, maana korosho inateleza. Basi angalau paka mikono mafuta ya kula kabla ya kukaa kazini, na upake tena kila yanapokauka.

Mwanangu ana miezi 8, mafua yamembana. Mama mkwe anampaka mkaratusi puani na kifuani. (Mikindani)

Mwache kumpaka leo hii. Mtoto wa chini ya miaka 2 hapakwi mkaratusi puani, usoni wala kifuani. Unaweza kumbana pumzi. Kichupa nacho kiwekwe juu kabisa, kwa sababu hata kijiko kimoja cha chai akikinywa kinaweza kumtia degedege na kumpoteza fahamu. Akimeza, usimtapishe: mkimbize hospitali, na kichupa uende nacho. Kwa mafua, nunua matone ya maji ya chumvi duka la dawa na umnyonyeshe mara kwa mara. Akihema kwa shida, usingoje asubuhi. Mama mkwe akinuna, mwambie ni mimi niliyekataza.

Yanatoa chunusi? Na yanang'arisha? (Masasi)

Kung'arisha, hapana. Chunusi, labda kidogo: maabara yameonyesha yanaua baadhi ya bakteria, lakini usoni mwa watu ushahidi ni haba. Krimu ya benzoili peroksaidi ya duka la dawa ina rekodi nzuri zaidi. Mafuta ya nazi usoni penye chunusi yaache, huziba vinyweleo.

Yanafukuza mbu? (Kilwa Masoko)

Dawa ya mbu inayoaminika hutengenezwa kwa mkaratusi wenye harufu ya limau, na hadi ifike dukani imeshasindikwa kiwandani. Hiyo nayo si ya watoto wa chini ya miaka 3. Haya ya kawaida yakishapeperuka, mbu wanarudi. Chandarua usikivue.

Nina kichupa cha mwaka juzi, kimekaa dirishani. Bado kinafaa? (Nachingwea)

Kwa ngozi, hapana. Jua na hewa huyaharibu, na yakiharibika ndipo huwasha zaidi. Tia matone machache kwenye ndoo ya kupigia deki, choo kitanukia.