Mowa ikinyamaza, usiikimbilie na bisibisi

Vijana wangu, wiki hii tena nimemkuta mmoja wenu amebeba betri mpya, na mowa yenyewe, ile mashine ya kukatia nyasi ya kukalia, hajafungua hata boneti. Nikamuuliza amepima nini. "Fundi, ni betri tu, imekataa kuwaka." Nawapenda, na nataka mje kunizidi ufundi, lakini hili limenichosha. Multimita, kile kipimo cha umeme, mnazo. Zitoeni kwenye boksi.

1. Tega sikio kabla ya kushika spana. Ikilia tik-tik-tik mfululizo, betri iko chini au vichwa vyake vimelegea. Ikilia "tak" moja halafu basi, solenoidi, ile swichi nene ya kupeleka umeme, imevuta lakini moto haufiki kwenye stata, mota ya kuwashia enjini, au stata yenyewe imekufa. Isipolia kabisa, shida iko nyuma ya hapo: fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi za usalama.

2. Betri iliyojaa na kutulia inasoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.0, chaji imekaribia kwisha. Ipime pia wakati mwenzako anapiga stata: ikishuka chini ya 9.6, ichaji kwanza, kisha ikapimwe kwa mzigo ndipo umwambie mwenye mashine atoe pesa.

3. Athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha mashine na waya mweusi. Sisi tunaofanya kazi kuanzia Nyali mpaka Diani tunaishi na chumvi ya bahari, na chumvi haina huruma na bolti. Waya mweusi utauona umekazwa vizuri, ukiufungua unakuta unga wa kijani chini ya kichwa chake. Weka ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha enjini, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, athi imeoza. Upande wa chanya pima vivyo hivyo, kutoka betri hadi bolti ya stata. Na zile solenoidi za ncha tatu hutumia bodi yao wenyewe kama athi. Nimeona chesisi iliyopakwa rangi mpya ikapendeza, solenoidi ikafungwa juu ya rangi, na kuanzia hapo mashine haikulia tena. Msasa kidogo ilipokaa solenoidi, ikawaka.

4. Swichi za usalama. Hapa lazima niseme jambo ambalo bado linaniuma.

Nilikuwa fundi kamili wakati huo, si mwanafunzi. Mowa ya hoteli moja ilikuwa kimya, hata tak hakuna. Jioni palikuwa na harusi bustanini na msimamizi alikuwa amesimama pale pale akituhimiza. Mwenzangu alikuwa ameinama ubavuni akikwangua nyasi zilizogandia kwenye mdomo wa kutolea nyasi. Sikupima kitu. Niliwasha ufunguo, nikachukua bisibisi ndefu, nikaziunganisha bolti mbili nene za solenoidi. Cheche ikaruka, enjini ikashika mara moja, na visu vikazunguka. Mwenzangu alikuwa ametoa mkono wakati huo huo kufuta jasho. Kikwanguo alichokiacha mdomoni kilipigwa kikaruka hadi ukutani.

Wenzo wa visu, ule unaoviunganisha na enjini, ulikuwa umewekwa. Mashine haikuwa mbovu hata kidogo. Swichi ya wenzo ilikuwa imekata njia ya stata kama inavyotakiwa, nami nikairuka kwa bisibisi. Swichi ya kiti ingezima enjini, maana hakuna aliyekaa, lakini fundi mwingine kabla yangu alikuwa ameziunganisha nyaya zake na kuzizungushia tepu nyeusi. Haraka yake na haraka yangu zilikutana kwenye vidole vya mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Mwenzangu hakunilaumu, na hilo lilinielemea kuliko matusi.

Kwa hiyo mowa ikinyamaza, uliza: breki imekanyagwa? Wenzo wa visu umetolewa? Gia iko huru? Halafu zipime swichi moja moja kwa multimita, ukibonyeza na kuachia. Ukiwa huna budi kuunganisha bolti za solenoidi ili upime stata, zima ufunguo, chomoa waya wa plagi, na hakikisha hakuna mtu karibu na visu. Swichi mbovu inabadilishwa. Kijana atakayeifunga moja kwa moja na kumrudishia mteja mashine, hatafanya kazi na mimi.

5. Stata inazungusha nusu mzunguko, inagoma, inazungusha tena. Betri nzuri, nyaya nzuri, na mnataka kununua stata mpya. Kwenye enjini za silinda moja, acheni kwanza. Ndani kuna kifaa kinachonyanyua vali kidogo wakati wa kuwasha ili mgandamizo upungue. Nafasi za vali zikipanuka, vali hainyanyuki vya kutosha, na stata inagonga mgandamizo wote. Fungua kifuniko cha vali, tafuta vipimo vya modeli yako, rekebisha. Ni kazi ya fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, na spana mbili, na mteja habadilishiwi kitu chochote.

Fila geji iko droo ya juu, kushoto. Ukimaliza, ifute mafuta uirudishe.