Homa Baada ya Kemo: Siku za Hatari Hukukuta Nyumbani, Si Ocean Road

Msomaji mmoja wa Kasulu ameuliza: mama yake karudi kutoka Dar es Salaam baada ya dripu ya pili ya saratani ya titi. Siku ya kumi kaanza kutetemeka, duka la dawa wakampa mseto wa malaria na Panadol, homa ikashuka, usiku ikarudi. Afanyeje? Jibu fupi alishatumiwa: mpeleke hospitali sasa hivi, usisubiri kuche. Jibu refu ni hili, maana swali lake ni la nyumba nyingi za Kigoma na Tabora.

Anza kwa kuhesabu siku. Siku ya dripu ndiyo siku ya kwanza. Dawa nyingi za kemo, yaani zile za kuua seli za saratani, hushusha chembe nyeupe za damu hadi chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha chembe hupanda tena kabla ya dripu inayofuata, ambayo mara nyingi huwa baada ya siku 21. Sasa mtu akitoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, akapumzika kwa ndugu Mbagala siku mbili tatu, halafu akapanda basi au treni, anaingia Kigoma wakati kinga ndiyo inaanza kuporomoka. Waliomtibu wako zaidi ya kilomita elfu moja. Anayempokea usiku wa manane ni muuguzi wa zahanati ambaye hajaambiwa chochote.

Chembe za kupambana na bakteria zikishuka chini ya 500 kwa kila maikrolita ya damu, vijidudu vinavyoishi siku zote kwenye ngozi, mdomo na utumbo wa mgonjwa mwenyewe huingia kwenye damu bila kizuizi. Na kwa kuwa chembe hizo hizo ndizo hutengeneza usaha, hutaona jipu, kifua kinaweza kusikika safi, koo lisionyeshe kitu. Mara nyingi homa ndiyo dalili pekee. Ukiishusha kwa Panadol kabla ya kuipima, umempokonya daktari hiyo moja aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo nunua kipimajoto cha betri kabla ya dripu ya kwanza, si baada ya homa. Pima mdomoni, chini ya ulimi, dakika ishirini baada ya kunywa chai au maji baridi. Ukipima kwapani, futa jasho kwanza, bana mkono hadi kilie, na ujue kwapa husoma chini kwa karibu nusu nyuzi. Njia ya haja kubwa usiiguse kabisa, iwe kwa kipimajoto, dawa ya kuchomeka au enema, kwa sababu mchubuko mdogo pale ni mlango wa bakteria. Namba za kukariri ni mbili: 38.3 mara moja, au 38.0 inayodumu saa nzima. Ukifika hapo, ondoka nyumbani. Na mgonjwa anayetetemeka, aliyelegea au anayeongea ovyo aondoke hata kama kipimo kinasoma 36, kwa kuwa maambukizi makali yanaweza kumfanya mtu awe wa baridi.

Mapokezi usianze na historia ndefu ya ugonjwa. Sema hivi: "Huyu yuko kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, ana homa ya 38.4." Kisha toa karatasi. Karatasi hiyo iandikwe mapema na ikae kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki: aina ya saratani, majina ya dawa za kemo, tarehe ya dripu ya mwisho, majibu ya damu ya mwisho, dawa zinazomdhuru, na simu ya wodi anakotibiwa. Omba asikae kwenye benchi la wanaokohoa. Hiyo si kujidai.

Lengo ni antibiotiki ya kwanza iingie kwenye mshipa ndani ya saa moja tangu afike. Picha nzima ya damu ichukuliwe, na damu ya kuotesha vijidudu kama maabara inaweza, lakini dawa isisubiri majibu. Kwa wahudumu wa vituo vya afya wanaosoma hapa: mpeni dozi ya kwanza kabla ya kuandika rufaa ya Maweni au Kitete, hospitali za mkoa za Kigoma na Tabora. Penye seftriaksoni, gramu 2 kwa mtu mzima. Peke yake haifuniki vijidudu vyote vinavyotisha hapa, ndiyo maana wengi huongeza gentamisini. Ila kama kemo yake ni sisplatini, figo zake tayari ziko mashakani, basi pigeni simu kwanza kuhusu hiyo ya pili.

Tuje kwenye malaria, maana hapa ndipo tunapopotezea watu, na inaudhi kwa sababu kila mtu anajiona ametimiza wajibu. Mikoa yetu ina malaria nyingi, kipimo kifanyike, na kikionyesha malaria itibiwe. Lakini malaria haimfukuzi bakteria. Mgonjwa wa kemo mwenye homa anahitaji antibiotiki hata kama kipimo cha malaria kimechora mistari miwili. Na ile sindano ya daiklofenaki makalioni, inayotolewa kama soda, mgonjwa huyu asichomwe: chembe sahani zake, zile za kugandisha damu, huenda ziko chini, damu ikavilia ndani ya msuli, na dawa yenyewe ni mzigo kwa figo.

Dharura nyingine inayochelewa ni ya uti wa mgongo. Mzee wa saratani ya tezi dume, au mama wa saratani ya titi, anaanza kulalamika mgongo. Maumivu haya huzidi akilala na akikohoa, wakati ya kazi ya shamba hupoa ukilala. Familia inaita mchuaji. Msimchue. Mkalishe kwenye kigoda, mwambie anyanyuke bila kushika kitu, kisha atembee kwa visigino. Akishindwa, au ganzi imepanda miguuni, au mkojo umegoma, uvimbe huenda unabana neva za uti wa mgongo, na saa zinahesabika. Anayefikishwa kwenye tiba akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza mara chache hurudi. Hospitali ya mkoa inaweza kuanza deksamethasoni miligramu 16 kwa siku wakati rufaa inaandaliwa. Tiba ya mionzi iko pia hospitali ya Bugando, Mwanza, na kwa mtu wa Tabora ni karibu kuliko Dar. Asafiri amelala chali, si kwenye bodaboda.

Saratani ya mlango wa kizazi huleta damu. Pedi moja kulowa ndani ya saa ni dharura. Msiingize majani wala dawa ya kienyeji ukeni. Nendeni na ndugu wawili watatu wenye afya wa kuchangia damu, maana benki ya damu mara nyingi haina akiba ya kutosha. Kwa saratani nyingine pia kuna dalili za dharura: uso na shingo vikivimba asubuhi, mishipa ya kifua ikatuna na pumzi ikabana, mgonjwa akae wima na apelekwe. Kiu isiyoisha, choo kigumu, mkojo mwingi na kuchanganyikiwa vikija pamoja, mwambie daktari apime kalsiamu ya damu, huenda imepanda. Wengi huishia kuambiwa ni sukari au uzee.

Kwa watoto wenye uvimbe wa taya wa Burkitt, hatari huja dawa inapofanya kazi vizuri mno. Seli hufa kwa wingi ndani ya siku moja hadi tatu za kwanza, taka zake zikaziba figo. Kwa hiyo mtoto hulazwa, hupewa maji mengi ya mshipani na alopurinoli, dawa ya kukinga figo, na mkojo wake hupimwa. Mzazi akiona nepi kavu kwa saa sita amwite muuguzi, asingoje raundi ya asubuhi.

Kuna kimoja kinachowatisha watu bure: mkojo mwekundu baada ya dripu ile nyekundu ya doksorubisini. Ni rangi ya dawa, huisha ndani ya siku moja au mbili. Ukiendelea siku ya tatu, au ukitoka na mabonge, hiyo huenda ni damu.