Usiwachoree Nyumba

Mwenzangu unayeripoti kituoni na kukuta umepangiwa darasa la kwanza au la pili, na kwenye ratiba vipindi vya mwisho vya Ijumaa pameandikwa sanaa, najua utakachoambiwa ofisini: hapo wape chochote wachore, wewe malizia kusahihisha madaftari. Niliambiwa hivyo hivyo nilipofika shule yangu ya kwanza huku pwani ya Lindi, nami nikatii.

Ijumaa ile nilichora nyumba ubaoni. Paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili, jua lenye miale kwenye kona. Nikawaambia wachore kama ile. Nilipopita kati ya madawati nilikuta nyumba zimefanana kama matofali ya kalibu moja, na sidhani kama kulikuwa na mtoto hata mmoja aliyelala kwenye nyumba ya namna ile. Wengi walilala chini ya makuti. Mmoja tu alikwenda njia yake. Nyumba yake haikuwa na ukuta wa mbele: ndani kilionekana kitanda, bibi amelala, nyavu zimetundikwa, na chini ya kitanda kuku anaatamia mayai. Nikamwekea mkasi kwa wino mwekundu, maana sikuwa nimesema wachore kuku.

Ilinichukua miaka kadhaa kujua kwamba yule mtoto alikuwa sawa kabisa kwa umri wake. Mtoto wa miaka miwili mitatu hukwaruza tu, akifurahia kuona mkono wake unaacha alama. Akikaribia minne huja yule mtu wa kichwa: duara, macho, na miguu inayotokea kidevuni. Kuanzia mitano hivi hadi minane, tisa, mtoto huchora anachokijua, si anachokiona. Anajua kuku yumo ndani, basi ukuta haumzuii. Bibi akiwa mkubwa kuliko mlango, ni kwa sababu bibi ndiye mwenye nyumba. Ukimsahihisha hapo hutamfundisha kuchora vizuri. Utamfundisha kusubiri ubao.

Kwa hiyo, darasa la kwanza hadi la tatu, chaki yako ikae mfukoni. Wape jambo la kuchora, usiwape picha ya kunakili. Na jambo lenyewe liwe dogo na la kwao. Ukisema "choreni mazingira", watakukodolea macho. Sema "chora siku mvua ilipovuja kwenu" au "chora mnada wa samaki, na wewe uwemo", utaona vichwa vinainama.

Mtoto akikuletea kazi, usimwulize "hii ni nini?" Swali hilo linamwambia kwamba picha yake haieleweki. Wala usikimbilie "vizuri sana", kwa sababu ukimwambia kila mtu vizuri sana, wiki ya tatu hakuna anayekusikiliza. Mimi husema "haya, nisimulie." Anaposimulia, naandika sentensi yake moja chini ya picha, vilevile alivyosema: *Kuku wa bibi kaatamia.* Kisha namwomba anisomee. Watoto walioshindwa kusoma sentensi ya kitabuni nimewaona wakisoma ya kwao kidole kikifuata kila neno. Siku mwalimu mkuu alipokuja kuniambia watoto wanachezacheza tu wakati KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, haijakaa sawa, sikubishana naye. Nilimwita mmoja wao asome picha yake. Sikusumbuliwa tena kuhusu kipindi kile.

Sasa vifaa, maana najua unachowaza: watoto wako wengi, na shule haina hata rimu moja ya ziada. Karatasi bora ya darasa kubwa ni mchanga. Watoe nje, kila mmoja na kijiti chake, awe na nafasi ya kunyoosha mikono. Mchanga haugharimu, haumwogopeshi mtoto, na akikosea anafuta kwa kiganja. Mkaa nao unatosha kwa muhula mzima, ukipata maboksi dukani na kuyapasua. Udongo wa mfinyanzi waagize wenyewe walete, wanajua unakopatikana kuliko wewe. Uchambueni mawe na mizizi, ukandwe mpaka usishike mkononi, kila mtoto apate donge la ukubwa wa chungwa. Mkimaliza, kausheni kivulini. Nilianika ng'ombe wangu wa kwanza juani na kufika mchana walikuwa wamepasuka wote, na kilio chake usiombe.

Rangi zimo jikoni na njiani. Udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, mkaa uliosagwa, vyote vikichanganywa na uji mwepesi wa unga vinashika vizuri kwenye boksi. Choya iliyochemshwa inatoa nyekundu. Itie ndimu, inang'aa zaidi. Itie magadi, inageuka kuelekea buluu na kijani mbele ya macho yao. Manjano nayo ukiitia magadi inageuka hudhurungi yenye wekundu. Hapo utakuwa umefundisha na sayansi bila kutaja sayansi. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki, au unyoya wa kuku. Onyo moja tu: manjano na shati jeupe la sare havipatani. Jumatatu yake nilipokewa getini na akina mama wanne, na walikuwa na haki. Tangu siku hiyo, siku ya rangi kila mtoto anakuja na nguo kuukuu ya kuvaa juu.

Na kazi zenye gundi ya unga usizifungie kabatini. Panya walikula maonesho yangu ya muhula mzima. Zitundike kwa kamba na vibanio vya nguo, juu, ambako na wazazi watazisoma.

Zawadi kwa mchoraji bora sikushauri. Nilijaribu mara moja, penseli tatu za rangi kwa washindi watatu. Wiki iliyofuata nusu ya darasa ilichora alichochora mshindi, na wengine walikaa tu.

Kuna jingine ambalo walimu vijana wenye bidii hunaswa nalo: kusoma siri kwenye rangi. Nilikuwa na binti aliyechora kila kitu kwa rangi nyeusi, wiki baada ya wiki, nikajawa na wasiwasi mpaka nikaenda kwao. Nyumbani kuna amani, mama anacheka. Kumbe yeye alikaa dawati la nyuma, na boksi la kalamu za rangi lilipomfikia lilikuwa limebaki nyeusi tu. Nilichopaswa kubadilisha ni mahali boksi linapoanzia. Hata hivyo usipuuze. Mtoto akirudia picha ya mtu anayepigwa, au ya jambo ambalo mtoto hapaswi kulijua, mkalie karibu umwache asimulie bila kumdadisi, kisha mwone mwalimu wa ushauri na unasihi. Usilipeleke kwanza kwenye soga za ofisini.

Darasa la nne na la tano mambo hugeuka, na hapa ushauri wangu nao unageuka. Mtoto anaanza kujilinganisha. Anafuta mpaka karatasi inatoboka, anasema "mimi siwezi kuchora", na wengi huacha hapo moja kwa moja. Sasa ndipo anapohitaji kufundishwa. Leta samaki mzima, changu kwa mfano, mezani, au ngalawa ya kuchongwa, waangalie kwa dakika tano bila kushika penseli. Jicho la samaki liko wapi ukilinganisha na mdomo? Pezi linaanzia wapi? Kilicho mbele kinafunikaje cha nyuma? Kwa nusu ya kwanza ya kipindi vifutio vyote vikae kwenye meza yangu. Watanung'unika. Wavumilie.

Umri huo pia wanapenda kusikia habari za watu. Mimi huwasimulia Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, si mbali na kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora akiwa Dar es Salaam, kwa rangi za kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao wa dari, bila kupita chuo chochote cha sanaa. Alifariki mwaka 1972, akiwa amefanya kazi hiyo miaka michache tu, na mpaka leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake. Lakini usiishie kuwanakilisha twiga wake. Cha kuchukua kwake ni ule ujasiri wa kutumia rangi iliyopo.

Kwa wazazi, kikao cha muhula ndiyo nafasi yako. Huku kwetu akina mama wengi wanasuka ukili, wanachemsha rangi za miyaa wenyewe, halafu wanakuambia hawajui sanaa! Naomba kila mmoja amwachie mtoto mabaki ya miyaa asuke anachotaka, hata kikiwa kombo. Naomba pia sehemu moja ya nyumba, nyuma ya mlango au ukuta wa jikoni, iwe halali kwa mkaa, kwingine marufuku. Mtoto akiwekewa mpaka anauelewa. Na gari la waya lenye magurudumu ya ndala mbovu lisitupwe jalalani wakati wa kufagia. Mzazi mwenye uwezo akinunua kitabu cha kupaka rangi ni sawa, kinazoesha mkono, ila mistari ile alishachora mtu mwingine.

Ijumaa yako ya kwanza, basi, watoe nje chini ya mkorosho. Kila mmoja na kijiti. Waambie wachore njia waliyopita asubuhi kuja shule, na kila walichokiona njiani. Wewe mikono nyuma, tembea taratibu usikanyage barabara za watu. Atatokea mmoja wa kuuliza, "Mwalimu, mbuzi anachorwaje?" Usiiname kumchorea. Mwulize yule mbuzi aliyemwona asubuhi alikuwa anafanya nini.