Nilikuwa nameza valiamu kabla sijajua nina mimba

SWALI: Shikamoo dokta. Nina mimba ya wiki 13, ya kwanza. Mama yangu alipofariki nikawa silali, moyo unaenda mbio, nikaandikiwa diazepam (ndo hiyo valiamu) 5mg kila usiku na nimemeza karibu miezi sita. Jirani kaniambia mtoto atazaliwa na mtindio wa ubongo, basi juzi nikavitupa vyote chooni. Sasa natetemeka mikono, jasho, usingizi ndo kabisa. Nimeshamuharibu mwanangu? – Mama kijacho, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Kinachonitisha kwenye barua yako sio vile vidonge, ni hilo la kuvitupa. Mwili uliozoea diazepam miezi sita ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege, na degedege ndo hatari ya kweli kwako na kwa mtoto, kwaiyo leo hii, sio kesho, nenda hospitali na hiyo mitetemeko yako waeleze kila kitu, watakupangia kupunguza kidogo kidogo.

Sasa ubongo wa mtoto. Diazepam inaongeza nguvu ya kemikali inaitwa GABA, ambayo kwako wewe mtu mzima inatuliza. Kwa kijusi mambo ni kinyume, mwanzoni GABA inaamsha seli za ubongo na kuzisaidia kusafiri mpaka zinapotakiwa kukaa, ndo mana wanasayansi waliingiwa na wasiwasi, na panya waliopewa dawa hii wakiwa na mimba walizaa watoto wenye tabia zilizobadilika kidogo. Ila panya ni panya. Taiwan waliangalia watoto zaidi ya milioni 1.5, matokeo yakatoka 2022: mwanzo ilionekana watoto ambao mama zao walimeza dawa za kundi la diazepam wakiwa na mimba wana usonji na utukutu wa kutotulia zaidi kidogo, lakini walipolinganishwa na ndugu zao wa tumbo moja ambao mama hakumeza, tofauti ikapotea. Yani kilichokuwa kinaonekana huenda ni mambo ya familia yenyewe, pamoja na huo wasiwasi wa mama. Jirani yako hilo hakulisoma.

Simaanishi uendelee tu kumeza. Wasiwasi ukiachwa bila tiba nao unahusishwa na kujifungua kabla ya wakati, kwaiyo muulize daktari kuhusu ushauri nasaha, na kama dawa bado inahitajika wengi huanzia sertraline, dawa ya wasiwasi na sonona isiyo ya kundi la diazepam.

Ukifika miezi ya mwisho bado unameza, wakunga wajue mapema, iandikwe kwenye kadi ya kliniki. Ini la kichanga linaitoa diazepam polepole mno, anaweza kuzaliwa amelegea kama kitambaa, hanyonyi vizuri, joto linashuka, au akaanza kulialia na kutetemeka siku chache baadae. Wakijua watamuangalia kwa karibu, mara nyingi inaisha.