Miezi 6 ya dawa za TB ilipimwa huku kwetu

Kuna wanaosema dozi ya miezi 6 ya kifua kikuu (TB) ilitoka "maabara za Ulaya". Hapana ndugu, haikutoka huko. Jaribio lililofungua njia lilifanywa kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na ripoti ya kwanza ilitoka kwenye jarida la Lancet mwaka 1972.

Nafundisha wanafunzi wa utabibu na somo la majaribio ya dawa huwa naanza na hilo, maana linaeleweka haraka. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa tiba ya kawaida ya wakati ule, miezi 18. Mengine yalipewa streptomaisini na isoniazidi kwa miezi 6 tu, ama zenyewe ama zikiongezewa dawa ya tatu. Waliopata hizo mbili pekee, ugonjwa uliwarudia karibu 3 kati ya 10. Walioongezewa rifampisini, kama 3 kati ya 100. Mwanafunzi akiona hapo haulizi tena kwa nini tunahitaji kundi la kulinganisha.

Ila usidhani ni dozi ile ile inayotolewa kliniki leo. Sindano ya streptomaisini imeshaondolewa kwenye tiba ya kawaida. Sasa mgonjwa anameza dawa 4 kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. TB sugu ina mpangilio wake tofauti kabisa.