Maswali yenu: msamaha, mfungo na ziwa lililofungwa

Nilimpa mwenzangu wa Kibirizi, hapa Kigoma, magunia mawili ya dagaa kwa mali kauli, yaani auze kwanza anilipe baadaye, akauze Tabora. Aliporudi alisema yameharibikia njiani, kumbe aliuza. Kanisani nilitamka kwamba nimemsamehe, lakini nikimwona mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, moyo unachemka. Je, sijasamehe?

Umeanza, dada, ila umeruka hatua. Ulitamka mbele ya madhabahu, yeye mwenyewe hujamwambia alichokukosea. Mathayo 18:15 inataka uende kwake, "wewe na yeye peke yenu". Si pale kwenye vichanja, wenzenu wakigeuza dagaa huku masikio yamewaelekea ninyi. Mfuate nyumbani, saa ambayo hana haraka ya kuwahi mitumbwi. Taja jambo moja kwa idadi yake: "Yale magunia mawili uliyauza, nami ukaniambia yameharibika. Umeniumiza." Kisha nyamaza. Mazungumzo mengi hufia hapa, kwa sababu msemaji anaongeza ya mwaka juzi na ya mashemeji. Mtu akirundikiwa makosa kumi atajitetea kwa yote, hata lile moja alilokuwa tayari kulikiri.

Akikataa, rudi na mmoja au wawili, watu anaowaheshimu yeye, si mashabiki wako. Kanisa ni hatua ya tatu. Wengi wetu tunaanzia huko, tena kwa jina la ombi la maombi, nao ni umbea mtupu.

Kuhusu moyo kuchemka, soma sura hiyohiyo hadi mwisho. Katika mfano wa Yesu, mtumwa wa kwanza alidaiwa na mfalme talanta 10,000, akasamehewa. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni ujira wa kibarua wa siku. Mwenzake alidaiwa na mtumwa huyo dinari 100, naye hakusamehewa. Wahubiri huziita vijisenti, nasi tunaona wanakosea: ni kibarua cha zaidi ya miezi mitatu. Yesu hakusema ulichopoteza ni kidogo. Magunia yako yana thamani na uchungu wako una sababu. Kusamehe ni kukata shauri kwamba hutalipiza: hutamwombea hasara, hutamchafua kwa wateja wake. Hasira ikirudi kesho mwaloni, unakata shauri lilelile tena. Zile saba mara sabini alizoambiwa Petro, mara nyingi huwa ni kwa kosa moja tu.

Fedha unaweza kudai. Hesabu 5:7 ilimtaka aliyedhulumu arudishe yote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne. Kubalianeni kiasi cha kulipa kila wiki, mwandike daftarini, wote wawili mtie sahihi. Ukiamua kumfutia, mwambie waziwazi na mchane karatasi mbele yake; usifute kwa mdomo kisha ukamkumbusha kila msiba na kila harusi. Mali kauli usimpe tena kwa sasa. Msamaha hutolewa siku moja, uaminifu wa biashara hujengwa upya taratibu.

Aliyenidhulumu ni Mwislamu wa Ujiji. Hiyo hatua ya kanisa inakuwaje?

Mbili za kwanza zinamfaa jirani yeyote. Ya tatu ni ya ndani ya kanisa, usimburuze huko. Mwombe mzee wa familia yake au mwenyekiti wa mtaa awakalishe. Ikishindikana, Warumi 12:18 imeweka mpaka: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote."

Mume wangu hunipiga. Wazee wa kanisa wanasema nijikane, nirudi, nimsamehe.

Usirudi kwenye kipigo, mama. Luka 9:23 inasema mtu *ajitwike* msalaba wake; haimpi mume ruhusa ya kumtwika mkewe ngumi. Tazama Daudi. Mara mbili alimwacha Sauli hai alipoweza kumuua. Katika 1 Samweli 26 Sauli akakiri kosa, akamwambia arudi, hatamdhuru tena. Daudi alirudisha mkuki wa Sauli aliokuwa ameuchukua, kisha akashika njia yake. Alisamehe, na hakurudi.

Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Ukiwa na jeraha, omba PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa. Ukizidiwa, tangulia hospitali. Kitambulisho chako na kadi za kliniki za watoto ziweke kwa mtu unayemwamini. Habari ya kurudiana ingoje mpaka ngumi zimekoma kwa miezi mingi. Machozi ya jioni moja hayatoshi.

Nina kisukari, na tumetangaziwa mfungo mkavu, bila chakula wala maji, wa siku tatu. Nikila nimeasi?

Hujaasi. Usiruke mlo wala dawa bila kumwona daktari. Insulini bila chakula inaweza kushusha sukari hadi ukazimia. Isaya 58:7 inapima mfungo kwa mkate waliogawiwa wenye njaa. Kula mlo wako, na fungu la ziada la samaki wa migebuka lipeleke kwa jirani asiye nacho.

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, tajiri wangu mwenye mtumbwi alitaka tuingie usiku kwa siri. Alinisomea Wakolosai 3:22, watumwa watiini mabwana. Likifungwa tena, nifanyeje?

Tajiri anatiiwa katika kazi halali. Zaidi ya hapo linasimama la Matendo 5:29, kumtii Mungu kuliko wanadamu. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane na wadogo wakue. Ziwa hilo ni la Burundi, Kongo na Zambia pia. Anayeingia kwa siri anachukua samaki ambao wenzake wamewaacha kwa njaa zao. Mjibu kwa heshima: "Bosi, nyavu nitashona, mtumbwi nitakalafati. Ziwani siingii."

Jibu hilo ni gumu kwa mtu asiye na akiba, kwa hiyo jiandae mapema. Mbalamwezi hukulaza nyumbani, maana taa hazivuti dagaa. Chukulia mwezi una usiku 20 wa kuvua. Weka shilingi 1,000 kila usiku kwa miezi tisa, ufike 180,000. Ada ya shule haifikii, unga inanunua. Ipeleke kwa mkeo au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa alfajiri ileile, isilale kwenye mfuko wa koti la kuvulia.