Kabla ya Kufunika Jeraha la Moto kwa Utando wa Kibayolojia

Wenzangu mnaoanza kazi katika wodi ya majeraha ya moto, shikeni jambo hili kwanza: kifuniko cha kibayolojia, kiwe ngozi ya marehemu, ngozi ya nguruwe, ngozi ya samaki wa tilapia iliyofanyiwa majaribio huko Fortaleza nchini Brazili, au utando wa amnioni utokao kwenye kondo la nyuma, hakiponyi jeraha lililoachwa chafu. Kazi yake ni kuziba: hupunguza maji na joto linalopotea mwilini, huzuia vijidudu na hutuliza maumivu, huku ngozi mpya ikichipua chini yake kutoka kwenye mashina ya vinyweleo.

Kwa hiyo tumieni muda mwingi kabla ya kufunika. Osheni, ondoeni ngozi iliyokufa, kisha litazameni jeraha kwa makini. Likiwa la waridi na lenye unyevu, likigeuka jeupe linapobonyezwa na kurudisha rangi upesi, na mgonjwa akishtuka linapoguswa, halijaenda kina, na hapo utando husaidia sana. Likiwa jeupe au limekauka kama ngozi ya ngoma na mgonjwa hahisi kitu, muiteni daktari wa upasuaji, kwa sababu hapo utando ni wa muda tu, hadi mgonjwa apandikizwe ngozi yake mwenyewe.

Utando wa amnioni ni mwembamba kiasi kwamba jeraha huonekana kupitia humo. Uliohifadhiwa kwenye gliserini husuuzwa kwanza, kisha hutandazwa polepole kuanzia upande mmoja, mapovu na majimaji yakisukumwa nje kwa shashi yenye unyevu. Nilipokuwa mgeni niliiharakisha hatua hii kwa mtoto aliyeungua kifua kwa maji ya moto. Kesho yake nikakuta utando unaelea, ikabidi tumrudishie maumivu ambayo angeepushwa. Uso wake sijausahau.

Utando ulioshika na kukauka uacheni ujibandue wenyewe, kwa maana kuuvuta ni kung'oa ngozi changa. Usioshika, unaonuka au ulioinuliwa na usaha uondolewe siku hiyo hiyo.

Hakikisheni pia kwamba mtoaji alipimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya B na C, na kaswende. Mwelezeni mgonjwa chanzo cha utando kabla ya kufungua pakiti, kwani ngozi ya nguruwe au ya marehemu inaweza kugusa imani yake, na jibu lake liandikwe kwenye faili.